Vipimo vya kufuatilia afya ya mtoto tumboni: anza na tarehe, kisha isome kadi yako

Benchi la kliniki ya wajawazito hujaa kabla ya saa mbili asubuhi. Mimi ni mkunga, na kwa miaka mingi nimeianza siku yangu kwa swali lile lile: "Mama, hedhi yako ya mwisho uliiona lini?" Jibu ninalopewa mara nyingi kuliko mengine ni, "Sikumbuki, ila miezi kama mitano hivi." Hapo kazi huwa imeshakuwa ngumu hata kabla sijashika chochote, kwa sababu karibu kila kipimo cha mtoto aliye tumboni husomwa kwa kulinganishwa na umri wa mimba. Tumbo la sentimita 28 ni zuri kabisa kwa mimba ya wiki 28. Tumbo hilo hilo kwa mimba ya wiki 34 linanifanya nisimame, nipime tena, nikuandikie rufaa. Nisipoijua tarehe, sijui nifurahi au nihofu.

Ninaeleza mambo yanavyokwenda kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali zetu za Tanzania. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usiiache ya kwanza kwa kuiona ndogo.

Hatua ya 1: Itafute tarehe

Tunayoitaka ni siku ya kwanza ya kuiona damu ya hedhi yako ya mwisho. Wengi hutupa siku waliyomaliza, na hapo wiki karibu nzima inapotea. Ongeza siku 7 na miezi 9 utapata tarehe ya makadirio ya kujifungua. Kama uliona damu tarehe 10 Machi, makadirio ni tarehe 17 Desemba. Tofauti ya siku moja au mbili isikusumbue. Ni watoto wachache wanaozaliwa siku ile ile iliyoandikwa.

Kama hukumbuki, usibuni ili muuguzi akuache upite. Kaa na mwenzio au dada yako mkumbuke kwa matukio. Ilikuwa kabla au baada ya Idi? Nane Nane ilikukuta ukiwa kwenye siku zako? Ulikuwa umeshalipa kodi ya nyumba? Nimeshuhudia mama akiipata tarehe yake kwa kukumbuka kwamba hakufunga siku nne za mwisho za Ramadhani. Lakini kama ulikuwa unanyonyesha, au umetoka kwenye sindano za uzazi wa mpango na hedhi yako haijatengemaa, sema hivyo mapema. Kwako wewe tarehe itatoka kwenye ultrasaundi, na jinsi inavyofanywa mapema ndivyo inavyosema kweli.

Ukishaipata, chukua kalenda ya ukutani na uzizungushie kalamu siku za kutimiza wiki ya 12, ya 20, ya 28 na ya 36. Kwa mama wa tarehe 10 Machi, wiki 12 zinatimia tarehe 2 Juni na wiki 20 zinatimia tarehe 28 Julai.

Hatua ya 2: Nenda kliniki kabla ya wiki ya 12

Najua kwa nini wengi hawaji. Mimba changa inafichwa. Mama mkwe ameshasema usiitangaze mpaka ishike, kuna macho ya watu, kuna husuda. Siwezi kukuondolea hofu hiyo kwa maneno mawili, ila nakuambia hivi: kliniki si kutangaza. Kadi inakaa kwenye mkoba wako, na mkunga amefundishwa kutunza siri.

Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake mwaka 2016, likatoka kwenye mahudhurio 4 kwenda 8: la kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Angalia yanavyosongamana mwishoni. Miezi ya mwisho ndiyo presha hupanda na mtoto huweza kuacha kukua, na tunataka kukuona mara nyingi zaidi wakati huo.

Hudhurio la kwanza nalo lina yake, na ukichelewa hayarudi. Umri wa mimba hupimwa vizuri mwanzoni. Kaswende ikitibiwa mapema, mtoto anaokoka madhara. Mama ambaye mimba iliyopita alipata kifafa cha mimba, daktari anaweza kumwanzishia dozi ndogo ya aspirini kila siku kuanzia wiki ya 12, na inafaa ianzwe kabla ya wiki ya 16. Akija mwezi wa sita, mlango huo umeshafungwa.

Njoo na mwenzio kama inawezekana. Kuna vipimo viwili au vitatu ambavyo majibu yako peke yako hayatoshi.

Hatua ya 3: Damu na mkojo vya siku ya kwanza

Siku hiyo utatolewa damu kidogo, na utapewa kikopo cha mkojo. Uliza kila kilichopimwa, na uone kimeandikwa.

Wingi wa damu, yaani hemoglobini. Kwa mjamzito tunataka 11 au zaidi. Chini ya hapo ni upungufu wa damu, na chini ya 7 ni hatari inayohitaji hospitali. Mtoto anapata hewa yake kupitia damu yako, kwa hiyo kipimo hiki kinamhusu yeye sawasawa na wewe. Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa umeze kila siku hata kama hemoglobini yako ni nzuri. Usivimeze na chai, kwa sababu majani ya chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Meza na maji au juisi ya chungwa. Choo kitakuwa cheusi. Hiyo ni dawa tu, usishtuke ukaacha.

Kundi la damu. Watu hukumbuka A, B au O wakasahau kuuliza chanya au hasi, na hiyo chanya na hasi ndiyo inayomgusa mtoto. Wenye hasi kwetu ni wachache, ndiyo maana wanasahaulika. Kama wewe ni hasi na baba wa mtoto ni chanya, mwili wako unaweza kutengeneza kinga ya kushambulia damu ya mtoto, hasa wa mimba zinazofuata. Ipo sindano ya kuzuia, inaitwa anti-D: hutolewa wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye damu chanya. Inahitajika pia mimba ikiharibika au ukitokwa damu. Ni sindano ya bei na haipatikani kila mahali, hivyo ukijua wewe ni hasi anza kuulizia inakopatikana tangu mwanzo.

Virusi vya Ukimwi na kaswende. Siku hizi vituo vingi hupima vyote viwili kwa tone moja la damu. Mama mwenye virusi asiyetumia dawa, uwezekano wa kumwambukiza mtoto wakati wa mimba, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Akitumia dawa vizuri unashuka chini ya asilimia 5. Sijui kipimo kingine katika kazi yangu ambacho jibu lake linabadilisha maisha ya mtoto kwa kiasi hicho. Kaswende nayo huua watoto tumboni kimya kimya, mama haumwi chochote, ilhali tiba yake ni sindano ya penisilini. Mwenzio atibiwe siku hiyo hiyo, vinginevyo mtarudishiana.

Homa ya ini aina ya B. Ukikutwa nayo, lengo ni mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Jambo hili lipangwe na hospitali utakayojifungulia kabla uchungu haujaanza.

Malaria hupimwa siku ya kwanza hata kama huna homa, kwa kuwa vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula. Baadaye, kuanzia wiki ya 13, utapewa vidonge vya SP, dawa ya kukinga malaria, vya kumeza mbele ya muuguzi, na kati ya dozi moja na nyingine upite angalau mwezi mmoja. Kama unatumia Septrini kwa sababu ya virusi vya Ukimwi, mwambie muuguzi; dawa hizo mbili hazichanganywi.

Sikoseli haimo kwenye orodha ya kila kituo, ila mimi nawasihi akina mama waiulizie, maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Mtu anaweza kubeba kinasaba chake maisha yote bila kuugua. Baba na mama wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kumpata mtoto mgonjwa. Mkijua mapema, mtoto atapimwa akizaliwa na kuanzishiwa kinga kabla maumivu hayajaanza.

Na mkojo. Safisha kwanza, ule wa mwanzo uache upite, kinga wa katikati. Nalisema hili kwa sababu nimewaona akina mama waliokosa mkojo kwenye foleni wakaongeza maji ya bomba kikopo kijae. Protini ikichanganywa na maji inapotea, na protini hiyo ndiyo dalili tuliyokuwa tunaitafuta. Ukikosa mkojo, kunywa maji ukae, tutakungoja.

Hatua ya 4: Mambo manne ya kila hudhurio

Presha, mkojo, urefu wa tumbo, mapigo ya mtoto. Usiondoke kliniki bila hivyo vinne kuandikwa.

Kwa presha, keti dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu usiikunje nne, mkono usawa wa moyo. Ukipimwa huku unahema baada ya kuteremka kwenye daladala, namba itapanda bure. Mstari wetu ni 140 kwa 90. Ikifika hapo baada ya wiki ya 20, tunatazama mkojo kama una protini, kwa kuwa hivyo viwili vikikutana kifafa cha mimba kiko njiani. Ikifika 160 kwa 110 hutarudi nyumbani kuchukua nguo. Unakwenda hospitali kutokea hapo. Kati ya hudhurio na hudhurio, wewe mwenyewe uwe macho: kichwa kinachouma kisikubali dawa, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba ghafla. Usingoje tarehe ya kadi.

Urefu wa tumbo hupimwa kwa utepe kama ule wa fundi cherehani, kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi. Wiki ya 20 mfuko huwa umefika kitovuni, na kuanzia hapo sentimita hukaribiana na wiki, pungufu au zaidi ya mbili. Ukiwa mdogo kuliko inavyotakiwa tunafikiria mtoto asiyekua au maji pungufu. Ukiwa mkubwa tunafikiria mapacha, maji mengi, au sukari. Au tarehe yenye makosa. Umeona tunavyorudi kwenye hatua ya kwanza.

Mapigo ya mtoto huyasikiliza mkunga kwa fetoskopu, ile kama tarumbeta fupi, ambayo asili yake ni ya mkunga-daktari wa Ufaransa, Adolphe Pinard, wa mwaka 1895. Kwanza nitapapasa tumbo nijue mgongo wa mtoto uko upande gani, maana mapigo husikika vizuri kupitia mgongo wake. Naweka mdomo mpana tumboni, sikio upande wa pili, kisha naachia mikono, kwa kuwa vidole vikigusa chombo huleta kelele. Mkono mmoja unashika mshipa wa kifundo cha mkono wako. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini namshika mkono, akadhani namfariji. Nataka kuhakikisha ninachosikia si mapigo yako yanayopita kwenye mfuko wa uzazi. Yako yatakuwa 80 au 90. Ya mtoto ni kati ya 110 na 160, ya haraka, kama mtu anayekimbia pekupeku mbali kwenye mchanga. Ninahesabu dakika nzima. Mkunga akisikiliza sekunde tatu akasema "yupo", mwombe kwa heshima ahesabu, aandike namba.

Ukifika wiki ya 36 ataongeza jambo moja: kujua kama mtoto ametanguliza kichwa au matako. Akitanguliza matako, utaelekezwa hospitali ya kujifungulia mapema, si usiku wa uchungu.

Hatua ya 5: Ultrasaundi, na maswali ya kuuliza

Swali la kwanza la chumba kile huwa "ni wa kiume au wa kike?" Ni haki yenu kutaka kujua. Lakini naomba liwe swali la mwisho, kwa sababu nimewaona watu wakipewa jibu hilo wakatoka na furaha, karatasi ikiwa imeandikwa kwamba kondo limefunga mlango wa kizazi.

Ultrasaundi ni mawimbi ya sauti, si eksirei, na haimchomi mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama apate walau moja kabla ya wiki ya 24. Kama pesa inatosha moja tu, mimi nashauri ifanywe kati ya wiki ya 18 na 22. Hapo viungo vinaonekana na tarehe bado inakadirika vizuri. Kama zinawezekana mbili, ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 14.

Uliza haya ukiwa bado umelala kitandani: Wako wangapi? Umri wa mimba ni wiki ngapi? Moyo unapiga mara ngapi? Maji yanatosha? Kondo liko juu au chini? Kichwa, uti wa mgongo, moyo wenye vyumba vinne, tumbo, figo na miguu vimeonekana? Kama kuna kisichoonekana kwa sababu mtoto amejikunja, rudi siku nyingine. Hilo hutokea sana.

Kondo likiwa chini wiki ya 20, usikate tamaa. Mara nyingi hupanda kadiri mfuko unavyokua, na utarudiwa kupimwa karibu na wiki ya 32. Katikati hapo damu ikitoka, hata bila maumivu, kimbilia hospitali na uwaambie wazi kwamba kondo liko chini, ili mtu asikupime kwa vidole ukeni.

Tarehe zinazogongana huwachanganya wengi. Dada mmoja alikuja na karatasi tatu, kila moja na tarehe yake ya kujifungua, akilia kwamba hajui aamini ipi. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya wiki ya 11. Nikamwambia ashike hiyo, hizo nyingine zinapima ukuaji. Mwanzoni watoto wote hulingana kimo, hivyo makosa ni ya siku tano hadi saba. Baada ya wiki ya 28 mmoja ni mnene, mwingine mwembamba, na makadirio yanaweza kupotoka wiki tatu. Ultrasaundi ya mwisho haiifuti ya kwanza.

Ikionekana kasoro, kwa mfano mgongo wazi au kichwa kujaa maji, dunia haijaisha. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, huwafanyia upasuaji watoto hao, na wenye matatizo ya moyo wapo wanaotibiwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Unachopata kwa kujua mapema ni nafasi ya kupanga ujifungulie karibu na madaktari watakaompokea.

Hatua ya 6: Sukari, wiki ya 24 hadi 28

Hasa kama uliwahi kujifungua mtoto wa zaidi ya kilo 4, mtoto aliwahi kufia tumboni, una uzito mkubwa, au nyumbani kwenu kuna kisukari. Njoo ukiwa hujala kwa muda wa angalau saa nane. Hata chai kavu hapana. Maji matupu ruksa. Utatolewa damu, utanyweshwa gramu 75 za glukosi kwenye maji, kisha damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Ni tamu ya kuchefua. Inywe taratibu ndani ya dakika tano. Ukitapika, sema, kwani kipimo kimeharibika. Mipaka, kwa mmol/L, ni 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, 8.5 baada ya mbili; ukifikisha hata mmoja tu, una kisukari cha mimba. Wengi hukidhibiti kwa kupunguza ugali, wali na vinywaji vya sukari na kutembea baada ya kula, bila sindano.

Hatua ya 7: Vipimo vya vinasaba, kwa watakaovihitaji

Hivi si vya kila mama wala vya kila kituo, na bei yake ni kubwa. Kuanzia wiki ya 10, damu yako inaweza kupimwa chembe za vinasaba vya mtoto zinazoelea humo, kuangalia uwezekano wa hali kama ugonjwa wa Down. Uwezekano huo hupanda na umri: mama wa miaka 35 ni kama mmoja kwa 350, wa miaka 40 ni kama mmoja kwa 100. Kipimo hiki hukisia tu. Anayetaka uhakika hutolewa maji kidogo ya uzazi kwa sindano ndefu inayoongozwa na ultrasaundi, kuanzia wiki ya 15, na kuna hatari ndogo, chini ya asilimia 1, ya mimba kuharibika. Kabla hujalipa, kaeni wawili mjiulize jibu mtalifanyia nini.

Hatua ya 8: Mateke, kipimo unachokifanya mwenyewe

Hiki hakina gharama, na ndicho ninachokiamini sana miezi ya mwisho. Mimba ya kwanza utamsikia mtoto karibu wiki ya 20. Waliokwisha kuzaa humsikia mapema zaidi. Kuanzia wiki ya 28 mjue mwenendo wake: anacheza sana saa ngapi, akilala hukaa muda gani. Mtoto hulala dakika 20 hadi 40, ni nadra kupita saa moja na nusu.

Chagua wakati wake wa kucheza, wengi ni jioni baada ya chakula. Lala kwa ubavu wa kushoto, simu weka mbali, mkono tumboni. Hesabu kila teke, kugeuka au kusukuma, kwikwi usihesabu. Afike 10 ndani ya saa mbili. Wengi humaliza kwa nusu saa. Asipofika, au akifika lakini moyo wako unakuambia si yule wa jana, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Utaambiwa mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia kwa sababu nafasi imebana. Si kweli. Staili ya kucheza inaweza kubadilika, akasukuma badala ya kurusha teke, lakini hapunguzi idadi. Utaambiwa unywe soda baridi usubiri. Usisubiri. Wala kisikilizia mapigo cha kununua mtandaoni kisikutulize, kwa sababu nyumbani ni rahisi kuyasikia mapigo yako ukadhani ni yake.

Mama mmoja wa wiki 37 alifika kwa bodaboda saa tano usiku. Wifi yake alimwambia mtoto anajiandaa kutoka. Yeye alisema neno moja tu mlangoni: "Dada, tangu adhuhuri mtoto wangu simwelewi." Mapigo yalikuwepo, ila mstari wa mashine ya kurekodi mapigo ulikuwa umelala, haupandi wala haushuki, na maji yalikuwa kidogo mno. Alifanyiwa operesheni usiku ule. Mtoto wa kike, mwembamba, akalia kwa nguvu. Miezi michache baadaye alikuja mwingine, saa tatu asubuhi, aliyekuwa ameona dalili hiyo hiyo jioni ya jana yake lakini akaona aibu kuwaamsha watu. Nilitafuta mapigo kila upande wa tumbo lake. Bado naikumbuka kanga aliyovaa.

Hakuna mkunga mwenye haki ya kukukaripia kwa kuja bure. Ukija mara tatu na mtoto akakutwa mzima mara zote tatu, mara ya nne njoo.

Hatua ya 9: Ukitumwa kwa vipimo vya ziada

Ukichelewa kujifungua, ukiwa na presha, kisukari, mapacha, au mtoto amepunguza kucheza, hospitali itamtazama mtoto kwa karibu zaidi. Utafungwa mikanda miwili tumboni: mmoja wa mapigo ya mtoto, mmoja wa kukaza kwa mfuko wa uzazi. Mashine hiyo tunaiita CTG. Usilale chali, kwani mfuko hukandamiza mshipa mkubwa wa damu ukapata kizunguzungu na mapigo ya mtoto yakashuka. Omba mto uinamie kushoto. Tunataka kuona, ndani ya dakika 20, mapigo yakipanda walau mara mbili, kila mara kwa 15 juu ya kawaida na yakikaa huko sekunde 15. Asipofanya hivyo huenda amelala tu. Tutaongeza dakika 20 nyingine.

Kisha kuna ultrasaundi ya alama. Mtoto hutazamwa hadi nusu saa: anavuta pumzi za mazoezi? Anajigeuza? Anakunja na kukunjua viungo? Maji yanatosha? Kila kimoja alama 2, na CTG alama 2, jumla 10. Akipata 8 au 10 ni salama, 6 hurudiwa au kuamuliwa kwa kuangalia umri wa mimba, 4 kushuka chini daktari hufikiria kumtoa. Uliza alama, usikubali kuambiwa "iko poa" tu. Kwa mtoto asiyekua vizuri wataongeza dopla, inayoonyesha damu inavyopita kwenye kamba ya kitovu ya mtoto.

Hatua ya 10: Soma nafasi tupu

Kuna kituo nilichowahi kufanyia kazi ambacho mashine ya presha iliharibika, zikapita wiki mbili tunaacha nafasi ile tupu kwenye kadi. Hakuna mama aliyeuliza, nasi hatukuwaambia. Tangu hapo nawafundisha akina mama kadi yao wenyewe. Ifungue kabla hujainuka kwenye kiti. Penye mstari mtupu, uliza: "Hiki hakijapimwa, nikapime wapi?" Huduma ya mjamzito katika vituo vya serikali imewekwa kuwa bure, lakini kitendanishi kinaweza kuisha, na ultrasaundi mara nyingine hulipiwa. Ukijua kimekosekana nini, unaweza kukitafuta kituo cha jirani wiki hiyo hiyo.

Picha na majibu ya ultrasaundi huchapishwa kwenye karatasi laini inayofifia kwa joto. Ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, umtumie na mtu utakayekwenda naye kujifungua. Weka kadi kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi la kanga za mtoto. Ukifikisha wiki 41 bila uchungu, beba begi hilo uende hospitali, na ukifika mlangoni taja tarehe yako ya hedhi ya mwisho kabla hujaulizwa.